Makasia ya Baba Chini ya Bwawa

Penrod Landing, Arkansas
8 Februari 1978

Dada Lavonne,

Sisi wazima, ukiondoa mafua ya Dewey, na ukiondoa Ina, ambaye anaota meno na anaamini kabisa kwamba kosa ni langu. Garland anakusalimu. Yuko kiwandani kwenye mbao, anarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Baba hajambo, kwa maneno yake mwenyewe, nawe unamjua: hata akivunjika mguu atasema hajambo. Nyinyi huko Kansas City mnaionaje theluji ya mwaka huu? Curtis bado anakoroma? Msalimie.

Huku vidagaa wameanza kufa. Ziwa limepoa kupita kiasi, wanafia huko nyuma ya ukuta wa bwawa, mitambo ya umeme inawanyonya na kuwatema kwetu wakiwa vipande vyeupe, na samaki wale, trauti, wanapanda mto mzima kuja kula chini ya bwawa, midomo wazi kama watoto wa mchungaji kwenye karamu ya mtu mwingine. Jana niliona mmoja wa kahawia, mgongo mpana kuliko kiganja cha Garland. Alinipita taratibu kabisa, kama anayejua kwamba nimesimama ukingoni na mtoto kiunoni na siwezi kumfanya lolote.

Sasa jambo lenyewe. Nilikwenda dukani kwa Orval kununua mafuta ya taa. Orval akaniambia, huku akiwapanga minyoo wake wa chambo kwenye makopo, "Twyla, nasikia dada yako anarudi kuchukua boti ya mzee."

"Boti ipi?"

"Ipi tena? Kwani Hershel ana meli ngapi?"

Akacheka. Nami nikacheka. Nikatoka bila mafuta.

Wewe ni mkubwa wangu, sitaki kukukosea adabu. Lakini habari za nyumbani kwetu nimezipata kwa mtu anayeuza minyoo, na hilo limenikaa kooni. Ni kweli? Maana huenda hujaambiwa kwamba mikono ya Baba haifungi ngumi tena ikipata baridi. Tangu majani yalipoanguka anayepiga makasia ni mimi. Ina namwacha kwa Bi. Eula jirani, nashuka mtoni, wateja wa kuvua wanakuja na kofia zao mpya, na Baba anawaambia, "Huyu binti yangu anafanya mazoezi kidogo." Mazoezi! Mgongo wangu ungekueleza.

Nijibu mapema.

Mdogo wako,
Twyla

*

Kansas City
1 Machi 1978

Twyla mpenzi,

Nisamehe kuchelewa, kazi zimenibana. Busu kwa Dewey, busu kwa Ina, na mpake ufizi karafuu kama alivyofanya Mama. Mimi nipo. Curtis anawasalimu. Theluji ya huku ni nyeusi, imelala kando ya barabara kama nguo chafu ambayo kila mtu anangoja mwenzake aifue.

Ndiyo, Baba aliniandikia. Sikumwomba. Aliniuliza kama bado nayakumbuka maji ya pale chini ya mwamba, yanavyozunguka, na kama ningependa kuja kuona. Nikamjibu nitakuja Pasaka. Ni hayo tu. Ya Orval mwachie Orval.

Lakini Twyla, nawe ujue unavyoandika. Unaniletea mgongo wa trauti kwenye barua, unadhani umenipa habari. Unajua dirisha langu linatazama nini? Ukuta wa matofali, na paka wa mtu. Wewe unaye Baba kila siku ya Mungu, una mume, una watoto wawili, una mto mlangoni. Mimi nikitajwa tu kwamba huenda nikashika kasia, tayari umeumwa koo.

Baba alinifundisha mimi kwanza. Nilikuwa nawashikia wateja wavu wakati wewe bado unanyonya kidole. Na huyo mtoto anayenyonya utamweka wapi kiangazi kikija na wateja kila siku, kwenye sanduku la chambo?

Usikasirike. Nakupenda.

Lavonne

*

Penrod Landing
9 Machi 1978

Dada Lavonne,

Ina angelala vizuri sana kwenye sanduku la chambo. Ni mahali patulivu kuliko nyumba hii. Jino limetoka moja, Dewey amelitazama na kusema limepinda. Garland anakusalimu. Karafuu ilisaidia, asante.

Sijakasirika. Nimechoka, na mtu akichoka anasema mambo mafupi.

Nilimuuliza Baba. Tulikuwa tunatoa maji botini baada ya mvua, yeye ameketi kwenye gogo mikono makwapani.

"Baba, kwa nini Lavonne?"

"Lavonne hana mtoto mchanga."

"Lavonne hajagusa kasia tangu aolewe."

"Mto haumsahau mtu."

"Haumsahau, ila umebadilika. Wameongeza mtambo bwawani tangu aondoke. Maji yanakuja upesi siku hizi."

Akabana mikono makwapani. Kisha akasema, "Mteja anakuja kusikia mto, haji kusikia kilio cha mtoto."

"Lini umesikia kilio kwenye boti hii?"

"Twyla, mama yako angekuwa hai angenichinja nikikutoa kwa watoto kukupeleka kwenye maji yale."

"Mama alivua mpaka wiki aliyonizaa."

"Ndiyo maana una kichwa kigumu kama cha samaki."

Nilicheka, Dada. Ndivyo anavyonishinda kila siku, ananichekesha. Nilifika nyumbani ndipo nikaona kwamba sikujibiwa.

Mto wenyewe sasa hautulii. Vidagaa wamepungua, trauti wameacha kujaza matumbo, wameanza kuchagua. Asubuhi ya baridi wanalala chini kabisa kwenye vilindi, jua likipanda wanakuja kwenye maji membamba juu ya kokoto kula wadudu wadogo kama punje ya pilipili. Nawafungia wateja kwenye ndoano nzi wa bandia wa manyoya ya kijivu badala ya wale weupe wa mwezi uliopita, wananitazama kama nimewapunja. Halafu wanapata samaki na wananiita "binti wa Hershel." Maji asubuhi yako kwenye kifundo cha mguu, mchana yako kwapani. Kunakuwa na joto siku tatu, watu mijini wanazima heta zao, mto unalala. Baridi ikirudi wanaziwasha, umeme unahitajika, bwawa linafunguliwa, na sisi huku tunakimbilia ukingoni. Mkihisi baridi huko kwenu, Dada, miguu inayolowa ni yetu.

Njoo Pasaka. Kitanda kipo. Paja la nguruwe nitapika mimi. Lakini boti naitaka. Nimekuambia wazi, usije ukasema hukuambiwa.

Twyla

*

(Kadi ya posta, picha ya chemchemi)
Kansas City, 20 Machi

Nafika Alhamisi, basi la jioni. Msihangaike.
L.

*

Penrod Landing
6 Aprili 1978

Dada Lavonne,

Uliondoka Jumatatu kabla hata kahawa haijachemka, kwa hiyo sijui kama ulifika salama. Watoto wazima. Baba anakohoa lakini hajambo. Garland anakusalimu, na anasema kofia yako imebaki kwenye msumari wetu.

Nakuandikia kuhusu Jumapili ile ya Pasaka. Najua ulikuwepo. Lakini wewe uliiona kutoka majini na mimi niliiona kutoka nchi kavu, na naona hizo zilikuwa Jumapili mbili.

Tumetoka kanisani, tumekula, jua la kuvua koti. Ile miti midogo ya ukingoni imejaa maua ya zambarau, haina jani hata moja. Baba akapiga paja akasema, "Jumapili bwawa halifunguliwi, mto unalala. Jumapili ya Pasaka umelala na viatu." Mkavaa suruali za mpira, wewe ukavaa zangu, Dada, maana ndizo zilizokuwepo. Mkataka kuvuka kwa miguu mpaka kile kisiwa cha kokoto katikati, boti mkaiacha imefungwa upande wetu.

Mimi nimesimama na Ina. Upepo ukageuka. Uliokuwa unanipiga usoni ukaanza kunipiga kisogoni, kutoka kaskazini, na Ina akajificha kwenye kola yangu. Nikasema, "Msivuke. Maua yamefunguka na kipupwe cha maua, baridi ile ya mwisho, hakijaja bado. Ndicho hiki. Miji yote itawasha heta leo, na bwawa halijui Pasaka."

Baba akasema, "Jumapili, binti yangu."

Wewe ukasema, mbele ya mume wangu, "Twyla, sema tu unataka ufito wa kuvulia." Kisha ukaongeza, ukicheka, "Wivu una masikio marefu. Unasikia hata maji ambayo hayajafunguliwa."

Wote mkacheka. Garland naye alicheka, nimeshamshughulikia.

Ndiyo, nilikuwa na wivu. Nilikuwa nao tangu Alhamisi, uliposhuka kwenye basi na Baba akakubebea begi kwa mikono isiyoweza kunifungulia chupa. Lakini maji yalikuwa ni maji. Mtu akiwa na wivu haina maana kwamba ni kipofu, na ninyi mliniziba mdomo kwa neno moja.

Mkavuka. Ukarusha mshipi, ukarusha tena, na samaki wa kahawia akapanda. Sijui kama alikuwa yule wangu wa Februari. Nilimwona akigeuka, ubavu wa dhahabu, ufito umepinda mpaka mkononi mwako. Na Baba akainua mikono yote miwili juu, akapiga kelele kama mtoto. Tangu majani yaanguke nimewatoa samaki wengi pembeni mwa mzee yule, Lavonne, na sijawahi kuinuliwa mkono hata mmoja. Nilitamani mshipi ukatike.

Ndipo king'ora cha bwawa kikalia.

Nilikungoja ugeuke. Hukugeuka. Baba alishika wavu lakini vidole havikufunga, wavu ukamponyoka, akauinamia. Povu likaja kwanza, na vijiti, na majani makavu ya mwaka jana. Sauti ya maji juu ya kokoto ikafa, maana kokoto zilikuwa zimefunikwa. Kisiwa kikawa kama meza, kisha kama kiti.

Nikamwambia Garland, "Shika mtoto."

"Twyla, maji yale..."

"Shika mtoto, Garland."

Hukuona nilivyokuja, ulikuwa unamtazama samaki. Kwa hiyo nakuambia. Sikuvuka moja kwa moja, ningepelekwa mpaka mjini. Niliingia botini nikapanda mto kwanza kando ya ukingo, mahali maji yanaporudi nyuma, mpaka nikawapita. Halafu nikaielekeza pua juu, kwenye mkondo, nikapiga makasia nikiacha mto unisogeze kando kidogo kidogo. Baba ndiye aliyenifundisha hivyo, akiwa amekaa makwapa yamebana mikono, akisema, "Usipigane na mto. Ubishie tu."

Nilipofika, Baba alikuwa majini mpaka kiunoni. Mkono wako mmoja ulikuwa kwenye kola yake na mwingine bado kwenye ufito. Nikakuita jina tupu, bila Dada. "Lavonne, tupa ufito, au namchukua Baba peke yake."

Ukautupa. Hayo nayakumbuka kwa heshima.

Mkaingia botini, tukarudi. Midomo ya Baba ilikuwa ya buluu. Tulipokaribia ukingo akasema, "Alikuwa samaki mkubwa."

Na jioni, majirani walipokuja kula pai, Baba akasimulia. Samaki alivyopanda. Lavonne alivyomshika. Mto ulivyoharibu mambo. "Halafu boti ikatufuata," akasema. Boti ikawafuata! Nilikuwa nimesimama pale pale nakata pai, viganja vimechubuka, nikajifunza kwamba boti yetu ni kama farasi, ikiitwa inakuja yenyewe.

Kuna jambo lingine. Dewey alikuuliza mezani, "Mama Mkubwa, Baba Mkubwa Curtis amekufa?" Ukajibu, "Hajafa, amehama," ukainuka kwenda kuosha sahani ambazo nilikuwa nimeshaziosha. Sikukufuata. Ningetaka kukufuata. Lakini ulikuwa umeniita mwenye wivu mbele ya watu saa chache kabla, na miguu yangu ilikataa.

Sasa nasema kwa upole, na nasema mara moja. Kama huna pa kurudi, rudi. Nyumba yangu ndogo lakini ina nafasi, Dewey atalala na Ina, na hutaulizwa neno. Lakini boti si kitanda cha mgeni. Mtu hapewi kwa sababu amefika amechoka. Mimi pia nimechoka.

Niandikie angalau kwamba ulifika.

Twyla

*

Kansas City
3 Mei 1978

Twyla,

Nilifika. Nilipaswa kusema wiki tano zilizopita. Habari za Ina? Jino la pili limepinda pia? Kofia mpe Dewey.

Curtis aliondoka Oktoba. Yuko Tulsa na mtu anayemwita kwa jina la utani. Kila barua niliyoandika "Curtis anawasalimu" nilikuwa nimeketi peke yangu nawasalimu kwa niaba yake. Sikutaka ujue wewe. Wengine wote wangejua, sawa, lakini si wewe, na mume wako mwenye vumbi kwenye nyusi na nyumba yako yenye kelele. Baba pekee ndiye niliyemwambia, wakati wa Krismasi, kwa simu.

Umeelewa sasa? Si kwamba alinipa boti kwa sababu mto haumsahau mtu. Alinipa kama unavyompa mtoto aliyeanguka kipande cha keki. Nami nilijua, nikanyoosha mkono.

Nimemwandikia leo. Nimemwambia boti ni ya Twyla, na kwamba hata nikiletewa mlangoni Kansas City sitaipanda kama mwenye mali. Nimemwambia pia kwamba boti haikutufuata. Nimeandika jina lako kwa herufi kubwa, maana macho yake nayo si mazuri siku hizi kama anavyojisifu.

Usinishukuru. Sijafanya kwa wema. Unasema nilikuwa namtazama samaki. Nilimtazama mpaka ulipotokea kule juu ya mkondo, umesimama nusu, nywele zimekujaa usoni, na ile boti nzito inakwenda kando kando kama ng'ombe anayekutii. Maji yalikuwa yamenifika mapajani, Baba anatetemeka mkononi mwangu, na badala ya kuogopa nikaona wivu. Wivu mpaka meno yakaniuma. Nikasema moyoni, haya, hata hili amelichukua. Ndiyo maana sikutupa ufito haraka. Nilitaka nibaki na kitu kimoja.

Na kuhusu masikio marefu: ulisikia kweli. Nilijua upepo umegeuka. Nilihisi shingoni kama wewe. Sikutaka uwe sahihi, basi.

Nina kazi, nina chumba, paka wa jirani sasa anakuja dirishani. Nitakuja, lakini si sasa hivi. Na tafadhali, usiniandikie habari za samaki mpaka nikuombe.

Lavonne

*

Penrod Landing
21 Mei 1978

Dada Lavonne,

Jino la pili limenyooka, tumeshangaa wote. Dewey halali bila kofia yako. Garland anakusalimu, na safari hii amesema niandike kwamba anakusalimu yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, akiwa amesimama hapa. Bi. Eula ametuma jamu, nitaifunga na barua hii kama posta watakubali.

Curtis sitamsema. Nina maneno, lakini Dewey anajifunza kusoma.

Nililia kidogo kwenye barua yako. Halafu nikaenda kufua. Nilitamani ungeniambia Oktoba, na najua kwa nini hukuniambia, na kama ningekuwa wewe nisingejiambia mimi pia. Haya, tumeyasema.

Habari za samaki siandiki, kama ulivyotaka. Nakuandikia habari za Baba.

Barua uliyomwandikia aliisoma dukani kwa Orval, akaikunja, akaitia ndani ya kofia yake, akaivaa. Akaenda zake. Wiki ikapita. Nami sikuuliza, ingawa ulimi ulinivimba. Jana wateja walituma habari kwamba hawaji kwa sababu ya mvua. Mvua yenyewe ikakatika asubuhi, maji yako chini, ukungu unapanda. Nilikuwa ghatini namwaga maji kwenye boti nikamsikia anakuja, anakohoa, ana ufito wake.

Unajua anavyopanda boti ile. Maisha yangu yote anapanda kwa nyuma, kwenye kiti cha makasia, hata siku ambazo mimi ndiye ninayepiga. Ananiachia nafasi pembeni kama mtu anayemwazima mwingine blanketi. Jana alikanyaga ukingo wa boti, akasimama pale akiyumba, nikampa mkono na akaupokea. Akapita makasia. Akaenda zake mpaka mbele, kwenye ubao wa wateja, akaketi, akaweka ufito magotini na kunipa mgongo.

"Haya," akasema. "Nipeleke."

"Wapi, Baba?"

"Kwani mteja ndiye anayejua?"

Nilikaa kwanza kidogo kabla ya kusukuma boti. Yeye hakugeuka, na ni vizuri hakugeuka.

Njoo Juni, shule na viwanda vikifunga. Kitanda kipo. Nitakupeleka mtoni mwenyewe, asubuhi, kabla watoto hawajaamka, popote utakapotaka, na suruali za mpira nimekununulia zako.

Lakini Dada, nakuambia mapema: nawe utaketi mbele.

Mdogo wako,
Twyla